Khanga ya Kukalia ya Bi Tatu

Siku nisiyoisahau, mwanangu, ni ile niliyocheka mbele ya wateja nikajikojolea.

Nakuandikia wewe Salha, ambaye sasa hivi unavuta pindo la dela langu ukitaka chai. Hujui kusoma. Utakuja kujua. Mpaka hapo, wasichana wenye umri wa kuelewa na wasome kwa niaba yako. Umri wangu si wa kutoa nasaha, najua. Nasaha ni za wenye mvi. Lakini wenye mvi walikuwepo miaka yote na hili hawakulisema, kwa hiyo nimechukua zamu yao bila kuomba ruhusa.

Ulikuwa na miezi mitatu hivi. Nilishatoka arobaini, nikarudi kwenye meza yangu ya madela pale Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani, wewe umelala kwenye boksi nyuma yangu. Sasa uelewe kazi yangu. Madela yapo kila meza, rangi zile zile, mzigo ule ule. Mteja anasimama kwangu kwa sababu ya mdomo. Namtania, namwambia shemeji akikuona na hili leo hatoki nyumbani, anacheka, nacheka naye, mkono unaingia kwenye pochi. Siku hiyo mama mmoja mnene kutoka Mchafukoge alijaribu dela juu ya nguo zake, likamkwama kichwani. Akawa anazunguka nalo, anauliza humo ndani kwa sauti ya mtu aliyefungiwa kwenye gunia, “Jamani, mlango uko wapi?” Meza zote zikacheka. Mimi nilicheka nikasikia uvuguvugu unashuka mapajani.

Nikakaa chini papo hapo juu ya furushi la nguo. Nilikaa hapo mpaka wenzangu wanafunga. Waliouliza niliwaambia mgongo. Dela nililolikalia nikalipeleka nyumbani, nikalifua, nikalificha kama kitu cha wizi.

Tangu siku hiyo nikaacha kucheka. Mteja akinitania natabasamu midomo imefungwa. Nikapunguza kunywa maji, na huku unaninyonya. Nikawa natia udhu, unavunjika kabla sijafika kwenye mswala. Na nikaanza kubana. Nikisimama nimebana, nikikuinua nimebana, nikiona mtu mcheshi anakuja kwa mbali nimeshabana. Wateja wakaanza kunipita. Wanaenda kwa jirani, wanacheka huko, nawasikia. Nikawaza niiachie ile meza, nikae ndani, niwe mwanamke wa kufungulia watu mlango. Hilo ndilo lililokuwa shingoni mwangu, mwanangu: kama nitarudi kuwa mtu wa watu au ndio nimekwisha.

Niliuliza, usidhani sikuuliza. Niliuliza kwa kuzunguka, nikijifanya namuulizia rafiki. Kila mwanamke niliyemuuliza alinijibu maneno mawili: ndio uzazi. Nayachukia maneno hayo. Ukivunjika mkono kwa kuanguka ngazini, hakuna anayekwambia ndio ngazi. Wanakupeleka ukafungwe plasta.

Na shule nimekwenda, nimemaliza kidato cha nne. Tulichora ua na sehemu zake. Tukachora mfumo wa uzazi wa mwanamke kwa penseli, mwalimu akasahihisha, nikapata tiki. Msuli ulioniaibisha Kariakoo haukuwemo kwenye ule mchoro. Walichora njia ya mtoto, wakamsahau mwenye njia.

Sasa nikwambie habari za Bi Tatu. Huyu ndiye somo yangu, mwanamke aliyenifunda nilipovunja ungo, na akanifunda tena siku za kuolewa. Ukizaa pia anakuja yeye. Alinikanda kwa maji ya moto arobaini nzima, akanifunga mkaja tumboni kila asubuhi, ile khanga ya kumrudisha mzazi tumbo. Ukipita Gerezani ukataja jina lake, wanawake watu wazima wananyoosha migongo. Mwanamke mrefu, hajawahi kuinua sauti, na nguo zake utadhani zimepigwa pasi akiwa ndani yake. Na ana jambo lake moja linalojulikana: hakai kwenye kiti cha mtu. Popote aendapo ana khanga yake kwenye mkoba. Anaifungua, anaikunja mara mbili, anaitandika, ndipo anakaa. Msibani hivyo, harusini hivyo. Sisi wali wake, wasichana aliotufunda, tulikuwa tunasema huo ndio usafi, hayo ndiyo maringo. Wengine waliiga mpaka leo, wanatembea na khanga zao kwenye mikoba wakidhani wanaringa kama somo.

Yeye nilimwambia nusu. Nilimwambia naona kama mwili haujarudi. Akasema nimelegea. “Kaza, mwali wangu,” akaniambia, na mkaja akauvuta mpaka nikashindwa kuinama. Jirani yangu wa mezani akaongeza lake. Akaniletea shabu, yale mawe meupe ya kusafishia maji, akaninong'oneza pa kuweka. Niliweka. Kuungua kule sitakusimulia. Aliyemuuzia yupo hapa hapa sokoni, anatuita wateja kwa jina la mpenzi, na nikimpita mpaka leo damu inanichemka.

Kumbe hayo yote yalikuwa yanasubiri titi.

Titi la kushoto likaziba. Likawa gumu upande mmoja kama limewekewa jiwe, jekundu, la moto, na wewe ukilishika unalia na mimi nalia. Bi Tatu alikuja kwa mapenzi yote, hilo nataka ulijue. Akachemsha maji, akakanda na kitambaa cha moto, akakamua kwa nguvu za mikono yake miwili, akamaliza kwa kulichana na kitana, toka juu kuja kwenye chuchu, kama alivyofanyiwa yeye na kama alivyofanyiwa mama yake. Kesho yake nilikuwa natetemeka kwa homa. Baba yako ndiye aliyesema basi, twende zahanati. Huko nikapewa dawa ya maambukizi, na nesi akaniambia nisiishie hapo, nivuke barabara niende Mchafukoge, kuna dada wa fiziotherapia anaitwa Skolastika, anashughulika na wanawake waliozaa.

Mimi fiziotherapia nilikuwa najua ni ya wazee waliopooza na wachezaji mpira waliovunjika. Nilikwenda kwa sababu titi linasemeka. Lile jambo la pili halisemeki.

Chumba chake kiko ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vyombo vya umeme. Lifti haifanyi kazi. Nilipanda nimebana kila ngazi.

Skolastika ni mtu wa Masasi, mpana, mweusi wa kung'aa, na akifanya kazi anaimba nyimbo za kwaya kwa ndani, mara moja moja sauti inamtoroka. Nilidhani nitakuta mtu wa kunong'ona. Alilitazama titi langu na mistari ya kitana, akaniuliza, “Mama Salha, hili ni titi au shamba lililolimwa na trekta?”

Nilitaka kucheka. Nikabana.

Akaniambia titi lililovimba halipigwi vita. Akalowesha kitambaa kwa maji ya baridi, akanifunika nalo. Akanionyesha kulipapasa kidogo sana, mkono unaelekea kwapani, kwa wepesi ule wa kumfutia mtoto unga usoni. Nilidhani anatania, mambo gani hayo ya kupapasa wakati mimi nina jiwe. Kisha akakugeuza wewe. Akakuweka kwa namna ambayo sikuwahi kukuweka, kidevu chako kinatazama pale penye ugumu, mdomo umefunguka haswa. Ukanyonya. Nikasikia jiwe linaanza kulainika. Mwanangu, nimeona watu wengi wenye mikono, hapa Kariakoo kuna watu wanafunga mzigo mkubwa kuliko gari. Sijaona mikono yenye akili kama ile.

Basi, wewe unanyonya, mimi nikakohoa. Nikapishanisha miguu haraka, ile haraka niliyoizoea. Yeye anakunja kitambaa, hata hakunitazama.

“Ukikohoa mkojo unatoka?”

Alisema vile vile anavyouliza mtu kama umekula. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Si aliyenizalisha, si aliyenipima, si walionikanda. Nililia mpaka wewe ukaachia titi ukanishangaa.

Hakunipa pole. Aliniacha nilie, akamaliza kukunja vitambaa vyake, akasema hiyo nayo ni kazi yake, titi nimelileta na hilo jingine nimekuja nalo, yote mawili yanatibika hapo hapo. Akanieleza kila atakachofanya kabla hajakifanya. Akaniambia nikisema acha, anaacha, na haulizi kwa nini. Akavaa glovu akanipima. Mimi nikasubiri hukumu, kwamba nimelegea.

“Hujalegea,” akasema. “Huu msuli umechoka. Unaubana tangu lini?”

Sikuelewa. Akaniambia nikunje ngumi. Nikakunja. Akasema niikaze, nisiifungue hata kidogo, halafu akaninyooshea kalamu. “Haya, ipokee.” Nikaitazama ile kalamu. Ngumi iliyokazwa haipokei kitu, mwanangu. Akaniambia huko chini nako ndivyo hivyo. Kikohozi kikija, msuli unatakiwa ushike, na wangu ulikuwa umeshakunjwa tangu asubuhi, hauna pa kwenda. Mkaja nao unasukuma kutoka juu. Na shabu, alipoisikia, kwaya ilikatika. Akasema neno la Kimakua ambalo alikataa kunitafsiria.

Kazi yangu ya kwanza ikawa kuachia. Kulala chali, kuvuta pumzi mpaka chini kabisa, na kuuacha ule msuli ushuke, ufunguke. Si rahisi. Mimi nilikuwa nimejikaza mwili mzima mpaka meno. Baadaye ndipo akanifundisha kuunyanyua, polepole, na kuushusha tena mpaka mwisho, na kuunyanyua kabla sijakuinua wewe. Akanionya nisimfundishe jirani, kwa sababu jirani labda kweli amelegea na dawa yake ni nyingine, na hakuna wa kujua mpaka apimwe. Akasema mtihani wangu wa mwisho utakuwa kucheka.

Nikarudi nyumbani nikavua mkaja. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Bi Tatu aliponiuliza mkaja uko wapi, nikamwambia kuna mtaalamu amesema nilegeze. Alinitazama kama nimemtukana mama yake. Hakuinua sauti. Aliuliza huyo mtaalamu anakaa ghorofa ya ngapi.

Siku ya kliniki alikuja na mimi. Ngazi zile alipanda akipumzika kila kituo, mkono ukutani, mkoba kwapani. Tulipoingia Skolastika akaacha kuimba, akasema, “Shikamoo mama.”

“Marahaba.” Bi Tatu akafungua mkoba, akatoa khanga yake, akaikunja mara mbili, akaitandika kwenye kiti cha plastiki, akakaa. “Wewe ndiye unayemwambia mwali wangu alegee?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Nimefunda wasichana kabla wewe hujazaliwa.”

Nilitamani sakafu inimeze. Skolastika angeweza kumletea zile picha zake za ukutani na maneno ya Kilatini. Hakufanya hivyo. Alivuta kiti akakaa mbele yake, akamuuliza anawafundisha nini wasichana, na aliuliza kwa uroho wa mtu anayetaka kweli kujua. Bi Tatu akajibu kwa kukatakata mwanzoni. Kisha akaingia mwenyewe kwenye somo lake, akaanza kueleza kiuno, namna msichana anavyozungusha, wanaoweza na wasioweza.

“Wasioweza wana nini?” Skolastika akauliza.

“Wamejikaza. Mtu aliyejikaza hazungushi kitu. Namwambia avute pumzi, aachie.”

Akasikia alichokisema. Namjua Bi Tatu, niliona kope zake zinacheza.

“Basi mama, mimi na wewe tunafundisha kitu kimoja,” Skolastika akasema. “Tofauti yetu ni ndogo. Wewe unamwambia ni kwa ajili ya mume. Mimi namwambia ni kwa ajili yake mwenyewe.”

Chini mtaani mtu alikuwa anajaribu spika ya dukani, moja mbili, moja mbili. Nikatamani hata wewe ulie. Skolastika akaishusha sauti yake, sauti ile ya kwaya ikawa kama ya kumbembelezea mtoto.

“Na wewe mama? Ilianza uzazi wa ngapi?”

Sikuelewa anauliza nini. Nikamtazama Bi Tatu, nikaona mkono wake umeshuka, unapapasa pindo la khanga aliyoikalia.

“Wa pili,” akasema. Halafu akanigeukia, uso ule ule wa pasi. “Mwali, mtoe mtoto nje. Joto humu.”

Nikakubeba nikatoka. Nilisimama kwenye ngazi nikakuegemeza begani, na hapo ndipo khanga zote zikanipitia machoni: ya msibani, ya harusini, ile aliyotandika kitandani kwangu siku unazaliwa. Uzazi wake wa pili ni mwanaume mwenye wajukuu sasa. Umri wote huo. Na sisi tulisema anaringa. Sisi tulimuiga.

Nilikuwa na hasira ya kupasua kitu, mwanangu. Si kwake. Alinikaza kwa sababu hiyo ndiyo dawa pekee aliyopewa, na alijua haikumfaa, na hakuwa na nyingine ya kunipa. Mwanamke mwenye heshima kama ile, aliyetufundisha miili yetu sote, hakupata hata mtu mmoja wa kumuuliza swali la maneno manne. Nikiwaza hapo mpaka leo sipati usingizi mzuri.

Alitoka baada ya muda mrefu. Tukashuka ngazi. Tulipofika chini akasema, nyumbani tuseme ni magoti.

Basi akawa anakwenda kwa magoti yake. Na mimi nikawa nakwenda kwangu. Siku nyingine tunakutana ngazini kama watu wasiojuana, “Shikamoo somo,” “Marahaba,” kila mtu na njia yake. Titi lilipona mapema. Lile jambo jingine lilichukua muda, kuna wiki niliona bora niache, na Skolastika alinikaripia kwa kunikumbusha kuwa sikujibana kwa siku moja. Nikaendelea. Maji nikanywa. Nikasali sala nzima na udhu mmoja.

Mtihani wenyewe ulinikuta mezani. Yule mama mnene wa Mchafukoge alirudi, anataka dela jingine, na safari hii akaniambia nimwonyeshe mlango kabla hajaingia. Nikacheka. Nilicheka kichwa nyuma, mdomo wazi, meza zikageuka. Nilipomaliza nikasubiri. Hakuna kitu. Mkavu. Mama yule akanishangaa, machozi yananitoka, akadhani dela lina historia. Nikampunguzia bei bila kuombwa.

Siku chache baadaye Bi Tatu akapita sokoni. Hakuwa amepona kama msichana, nisikudanganye; Skolastika mwenyewe alimwambia ukweli huo tangu mwanzo, kwamba kwa umri wake watapata nafuu, na nafuu ni kitu. Wateja walikuwepo. Nikamvutia stuli yangu nikasubiri afungue mkoba. Akafungua, akatoa khanga, imefuliwa, imekunjwa. Akainama, akaitandaza ndani ya boksi lako, akakulaza juu yake. Kisha akakaa kwenye stuli hivi hivi, akapanga dela lake magotini, akatazama barabara.

“Kiti chako kisafi, mwali,” akaniambia.

Nikageuka nikaita mteja kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Siku hizi akifunda wasichana, kabla ya kiuno anawaeleza msuli huu na kazi zake, na anawaambia ni mali yao kwanza. Anawaambia wakizaa na kitu kikivuja au kikiuma au kikaziba, waseme. Wakishindwa kwake, waende ghorofa ya tatu. Na Skolastika akipata mgonjwa anayeshindwa kuachia, anamtuma Gerezani kwa Bi Tatu akafundishwe kiuno. Wanawake hawa wawili nawapenda mpaka naona aibu.

Sasa shika haya, Salha, na wewe msichana unayemsomea. Siku utakapozaa, wakikwambia ndio uzazi, waulize ndio uzazi maana yake nini, na usiondoke mpaka wakujibu. Titi likiziba, usilichane na usiliadhibu. Lipoze, mweke mtoto vizuri, na homa ikija kimbilia zahanati. Shabu ni ya maji ya ndoo. Usijibane kwa woga na usijilegeze kwa kusikia, tafuta anayejua kupima, wapo, hata kama lifti imekufa. Na ukimuona mwanamke ana tabia ambayo nyote mnaiita maringo, siku moja mtazame vizuri, umsogelee mkiwa wawili, umuulize kwa upole. Usingoje akuambie. Hatakuambia.

Mungu akupe mwili unaoujua, mwanangu. Akupe watu wa kukuuliza mapema. Akuweke uje ucheke Kariakoo nzima ikugeukie, usimame ulipo, uendelee kucheka.